Maadui Wanaopigiana Saluti

Mwezi wa Novemba 1939, miezi miwili tu baada ya Vita Kuu ya Pili kuanza, kijana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam alipakia mizigo yake garini akashika njia ya Nairobi, safari ya karibu kilomita 1,000. Jina lake lilikuwa Roald Dahl, na ulimwengu ulikuja kumjua baadaye kwa vitabu vyake vya watoto. Wakati ule hakuwa mwandishi. Alikuwa anakwenda kujiandikisha katika jeshi la anga, naye alifunzwa huko Nairobi kurusha kindege kidogo aina ya Tiger Moth. Mwaka uliofuata alipata ajali mbaya katika jangwa la Afrika ya Kaskazini, akalazwa hospitali kwa miezi. Alipopona, Aprili 1941, alipelekwa Ugiriki na ndege ya kivita aina ya Hurricane.

Kwa maelezo yake mwenyewe, Dahl alifika Ugiriki akiwa ameirusha Hurricane kwa muda wa saa saba hivi, wala hapakuwa na mwalimu hata mmoja aliyekuwa amemfundisha namna ya kupigana angani. Aliyemfundisha alikuwa rubani mwenzake, David Coke, ambaye alishangaa kusikia kwamba mtu ameletwa vitani na mikono mitupu kiasi kile, akaketi naye akamweleza machache aliyoyajua. Tarehe 20 Aprili kulikuwa na mapigano makali juu ya mji wa Athens. Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika ya Kusini na mmoja wa marubani hodari kuliko wote waliopata kuruka upande wa Waingereza, aliuawa siku hiyo. Dahl, mgeni wa vita, alirudi salama.

Nimeanza na habari hii kwa sababu ndani yake yamo mambo mawili ninayotaka tuyafikiri pamoja, msomaji wangu. La kwanza ni ujuzi: sanaa ya kupigana angani hujifunzwa vipi, ikiwa kosa la kwanza ndilo la mwisho? La pili ni undugu: kwa nini Coke, aliyekuwa na hofu zake mwenyewe, alitoa wakati wake kumfundisha mtu asiyemjua? Na nitayatazama mambo haya mawili mahali ambapo wengi hawatarajii kuyakuta, yaani katika michezo ya kompyuta ya kuigiza vita vya angani, ambamo watu walioketi nyumbani kwao, mmoja Texas, mwingine Ujerumani, mwingine Australia, hukutana usiku na kupigana katika anga isiyokuwapo.

Najua wako watakaocheka. Mchezo ni mchezo, watasema, na mtu mzima anayejifungia chumbani akishika usukani wa plastiki ana lake jambo. Mimi mwenyewe si rubani, na ujana wangu ulipita zaidi kwenye bao la kete kuliko kwenye kioo cha kompyuta. Lakini wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Michezo hii ina historia, na historia hiyo inatuambia jambo juu ya binadamu.

Kwanza tuelewe kwamba kuigiza vita vya angani si jambo lililozuliwa na kompyuta. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, rubani wa Kijerumani Oswald Boelcke aliandika kanuni nane fupi za mapigano: jitahidi kuwa na jua mgongoni, usipige mpaka ukaribie, usimwache adui machoni, na kadhalika. Zilikuwa kanuni za kufundishia vijana waliokuwa wakifa kabla ya kujua kilichowaua. Boelcke mwenyewe alikufa tarehe 28 Oktoba mwaka ule ule, wala hakupigwa na adui. Aligongana angani na ndege ya rafiki yake, Erwin Böhme, walipokuwa wakimfukuza adui mmoja. Tangu siku zile ilijulikana kwamba kuruka na mwenzako ni kazi inayotaka mafunzo yake yenyewe.

Miaka ishirini na ushei baadaye, katika vita vya Hispania, Mjerumani mwingine, Werner Mölders, alisaidia kuujenga mpangilio wa ndege nne zinazoruka kama ncha za vidole vya mkono, wawili wawili, kila mmoja akilinda mgongo wa mwenziwe. Na mwaka 1941 ofisa wa jeshi la majini la Marekani, John Thach, aliketi usiku nyumbani kwake akipanga njiti za kiberiti juu ya meza. Alikuwa amepata habari za ndege ya Kijapani iliyoitwa Zero, nyepesi na yenye kupinda haraka kuliko ndege zake. Kwa njiti zile aligundua kwamba marubani wawili wakiruka sambamba na kupishana kama nyuzi za mkeka, anayemwandama mmoja hujikuta mbele ya bunduki za mwingine. Mbinu hiyo ilitumika vitani kwenye mapigano ya Midway, Juni 1942, na bado inafundishwa. Meza na njiti za kiberiti: ule nao ulikuwa mchezo wa kuigiza.

Hata mashine za kuigizia urukaji zilianza kama michezo. Mmarekani Edwin Link alikulia katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda huko Binghamton, New York. Mwaka 1929 alichukua mivukuto ya vinanda akaiweka chini ya kijisanduku chenye mabawa mafupi, na mtu akikaa ndani aliweza kukiinamisha na kukiinua kama ndege. Wanajeshi hawakukitaka mwanzoni, na baadhi ya mashine zake za awali ziliuzwa kwenye viwanja vya burudani, watu wakalipa senti kujifurahisha. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa sababu hawakuzoea kuruka katika mawingu bila kuona. Hapo ndipo jeshi lilinunua mashine sita za Link. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu kwa maelfu ya marubani walianzia katika sanduku hilo. Kilichokuwa kichekesho cha watoto kikawa shule.

Kompyuta iliichukua safari hiyo hiyo na kuirudisha nyuma na mbele. Bruce Artwick, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika tasnifu yake mwaka 1975 juu ya namna ya kuonyesha urukaji wa ndege kwenye kioo cha kompyuta. Programu aliyoitoa kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Apple II ilikuwa na mistari michache tu ya kuonyesha ardhi na milima, lakini hata ile ya kwanza kabisa ilikuwa na sehemu ya kupigana na ndege za Vita Kuu ya Kwanza. Mchezaji, hata hivyo, alikuwa peke yake. Maadui walikuwa mashine, na mashine za wakati ule zilikuwa na akili ya kuku.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Kelton Flinn na John Taylor, waliofahamiana katika Chuo Kikuu cha Virginia, walikuwa wameanzisha kampuni iliyoitwa Kesmai. Waliutoa mchezo wa Air Warrior katika huduma ya kompyuta ya GEnie, iliyokuwa mali ya kampuni ya General Electric. Kwa mara ya kwanza watu wengi, kila mmoja nyumbani kwake, waliingia katika anga moja na kupigana wao kwa wao. Kila kompyuta ilijichorea mbingu na ardhi na kukokotoa mwendo wa ndege ya mwenyewe, na kwenye waya wa simu zilipita habari chache tu: niko wapi, naelekea wapi, kwa kasi gani. Kompyuta kuu ilizipokea na kuzigawa kwa wote. Habari zilipochelewa, ndege ya adui ilionekana ikiruka kutoka hapa hadi pale kama panzi, na mchezaji ilimbidi ajifunze kukisia ilipo kweli.

Tena ilikuwa anasa ya gharama. Mtu alilipia kila saa aliyokaa angani, na bili ya mwisho wa mwezi ilizusha maneno katika nyumba nyingi. Gharama ile, nadhani, ilisaidia kujenga jamii yenyewe. Anayelipia kila dakika hapotezi muda kwa upuuzi. Atataka kujifunza, na atamthamini anayemfunza.

Baada ya Air Warrior walikuja wengine. Mwaka 1995 ulitokea WarBirds, na mwaka 2000 Aces High, iliyotengenezwa na watu ambao wenyewe walikuwa wamelelewa na michezo ile ya mwanzo. Desemba 1998 ilitoka Falcon 4.0, iliyoigiza ndege ya F-16 katika vita vya kubuni vya peninsula ya Korea kwa undani ambao haukuwa umeonekana. Mwaka 2001 Warusi walitoa IL-2 Sturmovik, na mwaka huo huo Air Warrior ilizimwa baada ya kampuni kubwa kuinunua Kesmai. Kwa Falcon mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2000 maandishi ya ndani ya programu yake yalivuja, na tangu hapo wapenzi wake, wakifanya kazi bila mshahara, wamekuwa wakiirekebisha na kuiboresha kwa zaidi ya miaka ishirini. Na mwaka 2011 ilitolewa DCS A-10C, iliyotokana na programu ambayo watengenezaji wake waliiunda kwa ajili ya kuwafundishia marubani wa akiba wa Marekani. Basi hapo tena shule ikawa mchezo, kama vile mchezo wa Link ulivyokuwa shule.

Sasa tuulize: ujuzi wenyewe ni upi? Asiyecheza hudhani ni wepesi wa vidole. Vidole vina sehemu yake, lakini waliobobea watakuambia kwamba ni sehemu ndogo.

La kwanza ni kujua thamani ya mwinuko. Ndege iliyo juu ina akiba, kama mtu mwenye fedha benki: akitaka kasi, hushuka, akitaka kuondoka, huondoka. Aliye chini na polepole ni maskini, na maskini hachagui vita. Jambo hili lilipewa hesabu zake katika miaka ya 1960 na John Boyd, rubani wa Marekani, pamoja na mtaalamu wa hesabu Thomas Christie. Walionyesha kwamba ndege zote zaweza kupimwa kwa nguvu zilizonazo na jinsi zinavyoweza kuzipata na kuzitumia. Boyd mwenyewe alipokuwa mwalimu huko Nellis, Nevada, alisifika kwa kuahidi kumshinda rubani yeyote kwa sekunde 40, akianza yeye akiwa ameandamwa. Mchezaji mgeni hupinda na kupinda akimfuata adui kama mbwa anayefukuza mkia wake, na kila akipinda akiba yake inakwisha. Mzoefu hupanda, hutulia, hungoja. Mwenda pole hajikwai.

La pili ni macho. Marubani wengi waliouawa vitani hawakumwona aliyewaua. Katika mchezo jambo hili ni gumu zaidi, kwa sababu kioo cha kompyuta ni kama kutazama dunia kupitia tundu la ufunguo. Wachezaji wa mwanzo walijifunza kugeuza macho kwa vitufe, vidole vikitembea bila kufikiri. Waliokuja baadaye walipata vifaa vinavyofuata mwendo wa kichwa. Lakini chombo hakimpi mtu tabia ya kutazama nyuma kila baada ya sekunde chache. Tabia hiyo hujengwa kwa kupigwa.

La tatu ni kulenga. Spitfire ya mwanzo wa vita ilikuwa na bunduki nane za rasharasha, na risasi zake zote zilikwisha kwa sekunde 15 hivi. Hazikuwa za kuchezea. Tena risasi haipigwi pale ndege ilipo bali pale itakapokuwa, na ndege yenyewe haiendi moja kwa moja. Mwindaji anayetupa mkuki kwa swala akimbiaye anaijua hesabu hii, ingawa hajaiandika popote.

La nne, ambalo wengi hulisahau, ni maneno. Ndege mbili zinazoelewana hushinda nne zisizoelewana. Lakini kuelewana katikati ya vurugu kunataka kusema kidogo na kusema wazi: nani anaongea, amwona nani, yuko wapi. Marubani huutumia uso wa saa kuonyesha pande: tarakimu ya 12 ni mbele, ya 6 ni nyuma. Ndiyo sababu onyo la kawaida kabisa katika michezo hii ni kumwambia mwenzako atazame sita yake, yaani mgongoni. Hapa sisi Waswahili tuna kituko chetu. Mshale ukiwa kwenye 12 sisi husema saa sita, na ukiwa kwenye 6 husema saa kumi na mbili. Ukimwambia Mswahili kwamba adui yuko saa sita, ana haki kabisa ya kutazama mbele, na kufa kwa lugha safi.

Mambo haya yote manne yameandikwa vitabuni. Kitabu cha Robert Shaw juu ya mbinu za ndege za kivita, kilichotolewa mwaka 1985 na kuandikwa kwa ajili ya marubani wa kweli, kimesomwa na wachezaji wengi kama msahafu. Lakini kitabu peke yake hakitoshi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Faida kubwa ya anga isiyokuwapo ni kwamba mtu hufa mara elfu, na kila kifo ni somo. Dahl hakuwa na kifo hata kimoja cha kujifunzia. Alikuwa na maneno ya Coke tu.

Tuwe wakweli lakini juu ya kinachokosekana. Kwenye kiti cha chumbani hakuna uzito unaouvuta mwili hadi damu ikashuka kichwani na macho yakaingia giza. Hakuna baridi ya mita elfu nane, hakuna harufu ya mafuta yanayovuja, na juu ya yote hakuna hofu ile. Hodari wa mchezo si rubani wa vita, na mwenye akili miongoni mwao hadai kuwa hivyo. Anachojua ni sehemu ya sanaa, ile ya kichwani. Lakini sehemu hiyo anaijua kweli.

Nije sasa kwenye undugu, ambao ndio ulionifanya niandike.

Ukitazama desturi za watu hawa utaona jambo la ajabu. Mtu akiangushwa baada ya pambano zuri, mara nyingi neno lake la kwanza kwa aliyemwangusha ni saluti. Huiandika kwa herufi S kati ya vialama viwili, na mwenzake huijibu. Wana miiko yao. Hakuna sheria ya kompyuta inayomkataza mtu kumpiga aliyeruka kwa parachuti, lakini anayefanya hivyo hudharauliwa. Hudharauliwa vilevile anayezunguka juu ya uwanja kuwanyemelea wanaoanza kupaa, na anayekuja uso kwa uso akitegemea bahati. Haya hayazuiwi na mashine; yanazuiwa na aibu. Na penye aibu pana jamii.

Halafu kuna kufundishana. Katika Air Warrior na michezo iliyoifuata walikuwapo wazoefu waliojitolea kuwafundisha wageni bila malipo, saa nyingi, usiku baada ya usiku, wakijua kwamba mwanafunzi wa leo ndiye atakayewaangusha kesho. Wanaunda vikosi vyenye majina na alama, na mmoja hukubali kazi isiyo na sifa ya kukaa ubavuni mwa mwenzake na kumlinda. Mara kwa mara huandaa maigizo makubwa ya mapigano ya kihistoria, makamanda wakipanga kwa wiki kadhaa, na katika mengi ya maigizo hayo mchezaji hupewa maisha moja tu. Hapo hata chumbani mikono hutetemeka.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatupaswi kushangaa. Wazee wanaokumbuka ngoma ya beni, iliyoenea pwani yetu kuanzia mwisho wa karne ya 19, watatambua mara moja. Lamu, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, watu walijigawa katika vyama vya mashindano, kama Marini na Arinoti, wakavaa sare, wakaandamana kwa hatua za kijeshi, wakapeana vyeo vikubwa vikubwa. Mwanahistoria Terence Ranger aliyeandika kitabu juu ya ngoma hiyo mwaka 1975 alionyesha kwamba nyuma ya mbwembwe zile kulikuwa na kusaidiana kwa kweli, katika ugonjwa, shida na mazishi. Walicheza askari, lakini kilichowaunganisha hakikuwa mchezo. Hali kadhalika utani wetu. Wazee hutuambia kwamba makabila mengi yanayotaniana leo ni yale yaliyopigana zamani, kama Wangoni na Wahehe. Mtani hukutukana, hukunyang'anya kitu chako, na siku ya msiba ndiye wa kwanza kufika. Saluti ya wale marubani wa chumbani naiona kuwa ni mtoto wa utani.

Mtaani kwetu walikuwapo wazee wawili waliocheza bao kila alasiri chini ya mwembe mmoja. Sijapata kusikia watu wakitupiana maneno kama wale. Kila mmoja alimwita mwenziwe mwanafunzi wake. Mmoja alipofariki, yule wa pili alilibeba lile bao nyumbani kwake, akalifunika kwa kanga, na hakucheza na mtu hadi arobaini ilipopita. Hakuna aliyemwuliza sababu. Alikuwa amepoteza mtu pekee duniani aliyeujua mchezo wake kutoka ndani.

Nao wachezaji wa vita vya angani wanapofiwa na mmoja wao hufanya jambo linalofanana. Hukusanyika katika anga ile isiyokuwapo, maadui na marafiki, bunduki zikiwa kimya, na kuruka kwa mpangilio wa heshima ambao majeshi ya anga huutumia kwenye mazishi: ndege zinakwenda pamoja, kisha moja inapanda juu na kuondoka, na nafasi yake inabaki tupu. Wengi wao hawakupata kumwona marehemu kwa macho. Lakini mchezaji aweza asiijue sura ya mwenzake na bado akajua hugeukia upande gani anapoogopa, hukaa muda gani kumngoja aliyechelewa, na hufanya nini akibaki peke yake na maadui watatu. Niambie, msomaji, ni marafiki wangapi wa sura unaowajua hivyo?

Liko swali zito ambalo siwezi kulikwepa. Je, ni halali kuifanya vita kuwa burudani? Katika nchi yetu wako watu wanaokumbuka vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na jirani zetu wengine wameona makubwa zaidi. Kwao ndege ya kivita angani si chombo cha kupendeza. Aliyelala shimoni akisikia mlio huo juu yake hatacheka na wanaoulipia ili wausikie. Naliheshimu neno lao, tena nadhani ni hatari kijana akidhani kwamba vita ni mahali ambapo ukifa unabonyeza kitufe na kuanza upya. Vita havina macho, na aliyekufa havirudishiwi.

Pamoja na hayo, niliyoyaona katika historia hii yananifanya nisite kuwahukumu. Mtu anayeujifunza mchezo huu kwa dhati hulazimika kusoma habari za waliokuwa ndani ya ndege zile, na kadiri anavyozidi kujua ugumu wa kazi yao ndivyo anavyopungukiwa na majivuno. Anayejua kwa mikono yake jinsi ilivyo vigumu kumwona adui mgongoni, hawezi kusoma kwamba kijana wa miaka 24 alipelekwa Ugiriki bila kufundishwa, akaipita habari hiyo bila kuguswa. Mchezo haumfundishi vita. Unaweza, akitaka, kumfundisha kuwahurumia waliopigana.

Agosti 2020 shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani liliandaa pambano katika anga ya kompyuta kati ya rubani wa kweli wa F-16 na programu ya akili bandia iliyotengenezwa na kampuni ya Heron Systems. Programu ilishinda mara tano kwa sifuri. Ilikuja uso kwa uso, ikapiga kwa ulengaji ambao mkono wa binadamu hauwezi, katika namna ambayo marubani hukatazwa wanapofanya mazoezi kwa sababu ya hatari ya kugongana. Haikuchoka wala haikuogopa. Waandishi waliuliza kama enzi ya rubani imekwisha, na huenda ni swali la haki kwa majeshi.

Kwa wale wa chumbani swali hilo halina uzito huo. Mashine za kuwashinda zimekuwapo kitambo, na bado kila jioni, mmoja Texas, mwingine Ujerumani, mwingine Australia, wanawasha kompyuta na kuulizana nani yupo. Wanamtafuta mtu wa kumwangusha kwa haki, au wa kuangushwa naye, kisha kupokea herufi ile moja kutoka kwa mkono wa binadamu mwenzao. Wala hawaachi kumwita mgeni pembeni na kumweleza machache wanayoyajua, kama David Coke alivyomweleza kijana aliyetoka Dar es Salaam.